Mtu Aliyegeukia Ukuta

Jina lake sikuwahi kulijua, na yeye angefurahi kusikia hivyo. Katika avenue yetu ya Mangobo, mjini Kisangani, aliitwa Tonton wa Jeu, yaani mjomba wa michezo, kwa kuwa chumba chake cha mbele kilikuwa na televisheni mbili na mashine mbili za michezo, na kwa kuwa kila aliyemuuliza jina alijibiwa kwa swali: unataka kulifanyia nini? Umri wake ulimtosha kuitwa papa, lakini hakulitaka neno hilo. Alisema papa anaombwa chakula, tonton anaombwa hadithi tu.

Alikuwa mwembamba, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimeota sugu kama cha fundi viatu. Alivaa shati la mikono mirefu hata jua la saa nane lilipokuwa linapika mabati, na mikono ya shati hilo ilikuwa kitambaa chake cha kila kazi. Alifutia kioo cha televisheni, alifutia manette, vile vidude vyenye vitufe ambavyo wachezaji hushika kwa mikono miwili, alifutia hata pua za watoto wadogo waliokuja kutazama bila kucheza. Wanawake wa avenue waliona haya kwa niaba yake. Mwanamume mzima, walisema, asubuhi hadi jioni anabishana na wana wa watu juu ya vitu visivyokuwapo. Mama yangu alisema hivyo pia, kwa sauti, penye watu. Baadaye nilikuja kukumbuka kila neno.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita. Waliokuwa wameshika mji wetu walikuwa na uadui na Kinshasa, kwa hiyo mto, ambao ndio barabara yetu, ulikatwa katikati. Meli zilikaa bandarini zikiota kutu. Watu walisafiri kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, na chumvi ikawa kitu cha kutajwa kwa heshima. Baba yangu alikuwa fundi wa injini melini. Aliteremka na mzigo wa mbao muda mfupi kabla njia haijafungwa, akabaki huko chini, upande ambao kwetu haukufaa kutamkwa. Mwenye ndugu Kinshasa alisema ndugu yake yuko Isangi, au Opala, kokote ambako si kosa kuwa na ndugu. Sisi tulisema baba yuko Opala, analima.

Maoni ya Tonton kuhusu michezo yalikuwa mengi, na aliyatoa bila kuombwa. Kwake mchezo wa hatari kuliko yote ulikuwa mpira. Ile ya kupigana ngumi na ile ya kupigana risasi aliiacha iendelee mchana kutwa, lakini mpira aliupima kwa saa, kama dawa. Siku moja jirani mmoja alikuja akiwa amefunga kitenge kiunoni kwa hasira, akamwambia ni dhambi kuwaonyesha watoto bunduki katika mji ambao bunduki zinatembea barabarani. Tonton alisimamisha mchezo ili amjibu vizuri.

"Mama, mu jeu mutu anakufa, anaamuka, anacheka na ule mwenye alimuua. Unionyeshe fasi ingine mu hii Kisangani wanafanya vile."

Tonton akaongeza kwamba mwenye kufungwa mpira, huyo hacheki; huyo hutoka nje na hasira yake akaenda kumpiga mdogo wake. Aliyajua hayo kwa kuyaona. Hata hivyo, mtu huyu aliyezitetea bunduki za televisheni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chini ya meza milio ya kweli iliposikika ng'ambo ya uwanja wa ndege. Alitetemeka waziwazi, magoti na mikono, mbele ya watoto aliokuwa akiwafundisha kuwa wajasiri. Na kwa siku nzima iliyofuata alikataza mtu yeyote asifungulie sauti. Tulicheza kimya, midomo ikitikisika, kama watu wanaosali.

Kadi za kumbukumbu alizidharau. Hivyo ni vipande vidogo vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine ili mchezo wako uhifadhiwe pale ulipoachia, uje uendelee kesho. Yeye hakuhifadhi kamwe. Umeme ukikatika, alianza upya toka mwanzo, na alianza kwa furaha. Aliyehifadhi, alisema, anacheza kizembe, maana anajua kuna pa kurudi. Lakini kadi za watoto wote wa avenue alizitunza yeye, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kila moja na alama yake. Majeshi mawili ya wageni yalipopigana juu ya vichwa vyetu na makombora yakawa yanaangukia nyumba za watu, Tonton alikimbilia msituni na kopo lile chini ya kwapa. Hakuchukua nguo, hakuchukua sufuria. Watu walimcheka njiani, katikati ya kilio chote kile. Mji ulipotulia, watoto walikuja mmoja mmoja kudai kadi zao. Wengine hawakuja. Kadi zao hazikuguswa tena. Kadi mpya ilikuwa vigumu kuipata wakati ule, na wavulana wakubwa walimsihi azifute zile ili watumie wao. Alikataa bila kutoa sababu, na akawa mkali siku nzima.

Kuhusu majina, alikuwa na sheria moja. Mlangoni kwake aliandika kwa chaki orodha ya waliokuwa wakiongoza, na jina la ubatizo halikuruhusiwa kupanda pale. Kila mchezaji alichagua jina lingine, na Tonton alikuita kwa hilo hata akikukuta sokoni na bibi yako. Mimi nilikuwa Radi. Tulikuwa wasichana wachache mle ndani, na jina hilo lilinisaidia, maana mvulana aliyepigwa na Radi hakuona aibu sana. Tulidhani ni utani wake tu. Kisha siku moja wakaja askari watatu wakimtafuta kijana fulani, wakamtaja kwa jina lake kamili na la baba yake. Tonton aliwaonyesha mlango wenye chaki, akawaomba wasome wenyewe. Jina hilo hapa halipo, aliwaambia, na alisema kweli. Yule kijana alikuwa ameketi mbele ya televisheni ya pili, manette mkononi, akiendelea kucheza kwa sababu Tonton alikuwa amemwambia kwa jina lake la jeu asisimame, zamu yake haijaisha.

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo alimchagua kwa jambo lingine kabisa. Huyo alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi, muuza vitenge na sabuni kwa jumla, mwenye bohari mjini. Vita vilipopoa kidogo alisimamisha sahani kubwa juu ya bati la bohari, akaweka kompyuta mbili katika chumba kilichokuwa cha kuwekea saruji, na mji wetu ukapata Internet. Kabla ya hapo tulikuwa na phonie tu, ile redio ambayo unaipigia kelele ili mtu wa mji wa mbali akusikie, na foleni nzima nyuma yako inasikia kwamba mke wako ana ujauzito. Tonton aliita phonie soko. Mfanyabiashara alihitaji mtu asiyeogopa kioo kinachowaka, na katika Kisangani yote hakumjua mwingine.

Basi asubuhi alikuwa boharini, mchana alikuwa kwenye jeu, na yale aliyojifunza kwenye jeu aliyafundisha boharini. Internet, alisema, ni uwanja ambao mikono ya wachezaji wenzako huioni. Mtu anayekuandikia kwa upendo mwingi bila kukujua anakuchezea. Pasta mmoja alipata barua kwamba ameshinda bahati nasibu ya Ulaya, akataka kujibu upesi na kutuma jina lake na namba zote alizoombwa. Tonton alimuuliza kama aliwahi kucheza bahati nasibu hiyo. Pasta akasema yeye hachezi kamari, ni mtumishi wa Mungu.

"Sasa, Pasta, haukucheza, ulishinda je?"

Pasta alifikiri sana. Kisha aliomba afundishwe namna ya kufuta barua.

Lakini mahubiri yake makuu yalikuwa juu ya neno la siri. Kila mtu awe na sanduku lake la barua, na kila sanduku neno lake, na neno hilo usimpe mume, usimpe padri, usinipe hata mimi. Mtu alipofika mahali pa kuliandika, Tonton alisimama, akageuka, akatia uso ukutani. Aliwaamuru na waliokuwa kwenye foleni wageuke. Ungewaona: wachuuzi wa majani ya sombe, mwalimu, wavuvi wa Wagenia waliotoka kwenye maporomoko na harufu yao ya samaki, wote wameukabili ukuta wa saruji kwa adabu, kama mtu anaoga nyuma yao.

Shida ni kwamba hakuna aliyejua herufi zilipokaa kwenye vitufe vile vya mpangilio wa Kifaransa. Mteja aliketi, akanyoosha kidole kimoja, akakiacha hewani.

"Tonton, L iko wapi?"

"Mustari wa katikati, kwa kuume," ukuta ulijibu.

"Na A?"

"Ya juu, ya kwanza kabisa."

Hivyo hivyo hadi mwisho wa neno. Mtu aliyekuwa hataki kujua siri ya yeyote alizisikia zote, herufi kwa herufi, na foleni ilizisikia pamoja naye. Jambo hilo lilimtesa. Alichora herufi za kompyuta juu ya kipande cha katoni ya sabuni, akakitundika nje ili watu wajifunze wakiwa foleni, wasiulize tena. Watu walijifunza kwa bidii. Walijifunzia kwa maneno yao wenyewe ya siri, mbele ya kila mtu, na nilimsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake kwamba lake ni zuri ila ni refu sana. Tonton aliiondoa katoni, akarudi ukutani.

Mama yangu alikuwa mteja wake. Alikaanga mikate alfajiri, akauza, akabeba beseni tupu hadi bohari kumwandikia baba. Baba alikuwa na rafiki huko Kinshasa mwenye kompyuta. Nilikwenda naye kwa sababu Kifaransa changu cha kuandika kilikuwa kizuri kuliko chake, lakini neno la siri aliliandika yeye, kwa kidole chake, akiuliza kila herufi ilipo. Hakuwahi kukumbuka herufi zilikokaa. Neno lenyewe sitaliandika. Lilikuwa neno ambalo mwanamke angeona haya kulisema mbele ya mtoto wake, na alilitaja kipande kipande mbele ya mgongo wa mwanamume aliyekuwa akimsema kila siku kwamba hana kazi. Vidole vyake viliacha unga juu ya vitufe. Yeyote ambaye angetazama baada yake angeona alipogusa na ambapo hakugusa. Kwa hiyo kila tulipoinuka Tonton alivuta mkono wa shati lake hadi kwenye kiganja, akaupitisha taratibu juu ya herufi zote.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, mama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza. Tulikuwa hatujafika mlangoni alipoingia kapiteni na askari wawili.

Tulimjua. Alikuwa wa wale walioshika mji, mtu wa Goma, mwenye sauti ya taratibu. Jumamosi alicheza mpira kwenye jeu, na akifungwa alikaa kimya kwa namna iliyowafanya watoto wakumbuke wanaitwa nyumbani. Hata sanduku la barua alikuwa nalo hapo boharini, la kumwandikia mwanamke fulani wa kwao. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mama. Tonton alikuwa amekwisha kupitisha shati juu ya vitufe. Nilimwona akiupitisha mara ya pili.

Kapiteni alisema amepata habari kuwa katika chumba hiki kuna watu wanaandikia Kinshasa. Alitaka kufunguliwa sanduku moja tu, lolote, la mmoja wao.

Tonton alimjibu kwamba inawezekana wapo, ila yeye hageukii kompyuta mtu anapoandika, anageukia ukuta, na mji wote unalijua hilo.

"Macho ndiyo unageuza," kapiteni alisema. "Na masikio je?"

Mkono wa mama ulikuwa umenishika juu ya kiwiko.

"Watu wanakuuliza herufi. Hata mimi nilikuuliza. Unataka kuniambia hukusikia?"

Tonton alikunja na kukunjua mkono wa shati. Nilidhani ataingia tena chini ya meza, kama siku ile ya milio. Lakini alibaki amesimama.

"Mon capitaine, kama nilisikia moja, nilisikia zote, na ya kwako iko ndani. Kama sikusikia, sikusikia hata moja. We ndiye mukubwa. Uniambie: nilisikia ao sikusikia?"

Ilikuwa kama kwenye jeu, mpinzani anapokuwa amekubana kwenye kona ya uwanja na vitufe vyote ni vibaya. Kapiteni alimtazama. Askari wake wawili nao walitazama, lakini wao walimtazama kapiteni, wakingoja kujua kama bwana wao ana siri ambayo mwenye jeu anaijua. Aliyaona macho yao.

"Hukusikia," kapiteni alisema.

"Merci, mon capitaine."

"Lakini ya kwako unaijua."

"Ya kwangu naijua."

"Fungua."

Nimefikiri mara nyingi kwamba hapo angeweza kudanganya, kusema hana sanduku. Labda alijua kuwa mtu aliyeshindwa mbele ya watu ni lazima apewe kitu cha kuondoka nacho. Aliinama, akaandika neno lake bila kutazama vitufe, haraka kama anavyocheza. Kisha akafanya alichofanya siku zote. Akageuka, akatia uso ukutani.

Kapiteni alisoma Kifaransa kimoyomoyo, akaanza kutabasamu, kisha akatutafsiria kwa sauti, mstari kwa mstari. Zilikuwa barua kwa kijana mmoja wa Ubelgiji, mchezaji, ambaye Tonton alikutana naye mle ndani ya Internet, wakawa wanapeana mbinu za michezo. Katika barua hizo Tonton alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa na mama anayemkataza kucheza hadi usiku. Alikuwa na chumba chake, na dirisha linalotazama mto, na meli zenye taa zinapita zikienda Kinshasa na kurudi. Jumapili baba yake humpeleka kula samaki kwenye maporomoko. Mji wao umetulia, aliandika. Huku kwetu hakuna kinachotokea, hata inachosha.

Mtu mmoja alicheka puani. Kisha mwingine. Kapiteni alirudia ile ya mama anayemkataza kucheza, na safari hii aliigiza sauti ya mtoto, na chumba kizima kikapasuka. Mwalimu alicheka. Wavuvi walicheka hadi wakashikana mabega. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi kwa muda mrefu mno, na nadhani hata kama kapiteni angesoma bei ya sabuni tungecheka, lakini hakusoma bei ya sabuni.

Na mama yangu alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Alipoitoa, alama za viganja vyake zilibaki pale juu ya kitenge cheusi, nyeupe, wazi kabisa.

Tonton hakugeuka. Sikio lake lilikuwa limewekwa kwenye saruji.

Kapiteni, kwa kuwa naye alikuwa mchezaji, alinakili zile mbinu za Mbelgiji nyuma ya pakiti ya sigara. Akaondoka akiwa amefurahi. Hakuna aliyekamatwa siku hiyo.

Jioni ile ile avenue yote ilikuwa na hadithi, na hadi mwisho wa juma watoto wa mitaa mingine, ambao hata kwenye jeu hawakuwahi kufika, walikuwa wakimfuata nyuma wakimwita Kumi na Saba kwa Kifaransa: "Dix-sept! Mama anakuita!" Wanawake waliokuwa wakimwonea haya sasa walimwonea kinyaa kidogo. Mwanamume wa makamo anajiita mtoto kwa mwana wa watu wa Ulaya, na kwa nini? Yeye hakujieleza. Angeweza kusema, ningeweza kuwapa sanduku la fulani, sikuwapa. Angesema hivyo mara moja tu, asingeitwa Dix-sept tena. Aliendelea kufungua mlango wa jeu, akafuta manette, akasimamia zamu, lakini maoni hakuyatoa tena, na wachezaji walipungua. Siku moja tukakuta kufuli. Mtu akasema ameteremka mto kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, na mashine zake kaziuza kwa mtu wa Kabondo.

Mama hakumshukuru. Kwa muda wote Tonton aliobaki kati yetu, mama alibadilisha njia; alibeba beseni lake kwa avenue ya nyuma, yenye matope, ili asipite mbele ya mlango ule. Kumshukuru kungekuwa kukiri penye watu kwamba tulikuwa na mtu Kinshasa. Lakini hata mto ulipofunguliwa, na baba akarudi na mvi, na kuitaja Kinshasa kukawa si kosa tena, hakumtafuta. Mara moja mjomba alimsimulia baba mezani kisa cha Dix-sept, akaigiza na sauti, na baba akacheka kwa moyo wote, maana kwake kilikuwa kisa tu. Mama aliinuka kwenda kuteka maji. Ndoo zilikuwa zimejaa.

Nimekuwa mtu wa kuandika. Watu wa kalamu nilio nao hupenda kuuliza nilijifunza wapi kubuni maisha ya watu, na mimi huwapa majibu mazuri. Sijawahi kuwatajia ule mto wenye meli na taa, ulioandikwa na mtu mwenye sugu kidoleni wakati mto wenyewe umefungwa.

Mwaka jana nilikwenda Isangi kwa harusi ya binamu. Simu yangu ilikuwa imeibwa sokoni, mama akaniazima yake, na yake ikagoma kupokea umeme, ikabaki na chaji kidogo, tulipokuwa bado kwenye baleinière, ile mashua kubwa ya abiria. Bandarini nilielekezwa kibanda cha mbao karibu na wauza samaki, kwa fundi wa simu. Fundi alikuwa mzee aliyeinamia kazi, miwani imefungwa kwa uzi. Shati la mikono mirefu. Kwenye rafu nyuma yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Alichukua simu, akaigeuza, akanirudishia.

"Weka mot de passe kwanza," alisema, yaani neno la siri.

Akasimama kwa shida, akageuka, akatia uso kwenye mbao.

Vidole vyangu havikuweza kuandika. Foleni ilikuwa ya mtu mmoja, mvuvi, naye aliona fundi amegeuka, akageuka pia.

"Tonton," nilisema.

Mgongo wake ulikuwa umepungua.

"Radi," alisema ubaoni.

Nikamwambia simu ni ya mama. Nikasema mama anamsalimu, jambo ambalo si kweli, na nadhani alilijua kuwa si kweli, maana alilipokea kwa upole mno. Nilitaka kusema la zaidi, la siku ile. Nikasema tu kwamba mama alicheka.

"Nilisikia," alisema. "Bote banacheka, mi nangoja ya kwake. Kama angenyamaza peke yake, bangemutazama. Bon. Njo akacheka. Nikasema mu roho: imepita."

Nilidhani kusikia hivyo kutanipunguzia kitu. Uso wangu ulikuwa unawaka, na nilishukuru kwamba amegeuka.

"Iko ile ile?" akauliza.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Mama ana neno moja kwa kila kitu, kwa simu, kwa barua, kwa pesa zake za simu, hajawahi kulibadilisha.

"Iko ile ile, Tonton."

"Hakubadilisha?"

"Hakubadilisha."

Alipumua. "Umusaidie abadilishe. Miye bado naijua. Nilijaribu isitoke mu mudomo, haikutoka. Nilijaribu itoke mu kichwa, haitoki. Si yangu, Radi. Si vizuri nife nayo."

Basi nikalibadilisha pale pale, nimesimama mbele ya kibanda chake. Nilitafuta neno jipya kwa muda mrefu, na yeye alingoja na uso wake ubaoni, na mvuvi akangoja naye, na pirogi mbili zikafika zikashusha mizigo. Niliandika kimya. Herufi zote nilizipata mwenyewe.

"Tayari," nilisema. "Sasa haujue tena."

"Kweli?"

"Kweli, Tonton."

Alikaa hivyo kidogo zaidi. Halafu akageuka, akapokea simu bila kunitazama usoni, akavuta mkono wa shati hadi kwenye kiganja, akaupitisha juu ya kioo, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, kabla ya kuchukua bisibisi.